Skripti Iliyokataa Neno la Sifa

Mke wangu ni mwalimu wa darasa la kwanza hapa Kolwezi. Mwaka aliopasuliwa koo alirudi nyumbani mzima, ila sauti haikurudi naye. Daktari alisema huenda itarudi, huenda isirudi. Mkurugenzi wa shule alimshikia darasa lake muhula mzima, jambo ambalo wakubwa wengi wasingelifanya, kisha siku moja akaniita ofisini kwake.

"Tata, bibi yako iko mwalimu muzuri, mi najua," aliniambia. "Lakini batoto bengi vile, bila sauti, atabafundisha namna gani? Mutafute njia, mi ntakuja kuangalia ku kalasi. Kama haiko, ntaweka mwalimu mwingine, na yeye atakuja huku ku bureau."

Alisema kwa upole, nami nilimshukuru. Lakini nilijua kwamba kumweka mke wangu ofisini kupanga makaratasi ni kumzika akiwa hai. Ana watoto wa wafanyakazi wa mgodi, ana watoto wa wachimbaji wa mikono wa Mutoshi ambao baba zao wametoka pembe zote za Kongo, na wote anawapenda kwa ukali uleule.

Kazi yangu mimi ni kuandika programu. Nimeajiriwa na ofisi ya Kinshasa, nafanyia kazi nyumbani, katika nyumba aliyoiacha babu yangu aliyeletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini. Nikasema: basi kompyuta itaongea kwa niaba yake. Tungeweka sentensi za darasani, kila moja na kitufe chake. Mwalimu anabonyeza, spika inasema.

Lakini iseme kwa sauti ya nani? Mdogo wake wa kike, shemeji yangu, ana sauti inayofanana na yake kiasi kwamba hata mama yao alikuwa akiwachanganya kwenye simu. Anauza vitenge sokoni. Alifunga meza yake siku baada ya siku, akaja kukaa chumbani kwetu tukiwa tumeegemeza godoro dirishani kuzuia ngurumo za malori ya madini ya Kingamyambo, akasoma sentensi moja moja hadi koo likamkauka.

"Yaya njo alinifundishaka kusoma," alisema, akimaanisha dada yake mkubwa, nilipomsihi apumzike. "Leo mi njo nitamusomea. Endelea, weka ingine."

Namshukuru hadi leo, ingawa alikuwa anakula mikate yetu yote.

Sasa shida ikaanza. Kompyuta yangu inatumia Linux, na ya shule ni Windows, na yangu sikuweza kuiacha shuleni kwa kuwa ndiyo inayotulisha. Programu iliyojengwa kwangu haiwezi kufanya kazi kule. Ilibidi nibebe maandishi ya programu na zile sauti kwenye flashi, halafu nijengee palepale shuleni. Kazi hiyo hufanywa na skripti, yaani orodha ya maagizo ambayo kompyuta inayafuata yenyewe: chukua hiki, unganisha na kile, funga pamoja. Skripti yangu ilikuwa na akili ya uvivu. Kabla ya kujenga, ilitazama kama kuna faili iliyobadilishwa baada ya ujenzi uliopita. Kama hakuna, ilikaa kimya.

Mwanzoni ilinisumbua kwa magonjwa ya kawaida. Mkwaju, ule mstari wa kuinama unaotenganisha majina ya mafolda, huku umelala kulia, kule umelala kushoto. Mwisho wa mstari huku unaandikwa hivi, kule vile. Hayo niliyatibu. Ukabaki ugonjwa mmoja ulionifanya nianze kuamini uchawi. Mabadiliko niliyoyafanya nyumbani jioni yalikubaliwa shuleni asubuhi bila neno. Mabadiliko niliyoyafanya shuleni, kwenye kompyuta yangu, nimekaa hapohapo kando ya ile mashine, yalikataliwa. Skripti ilijibu: hakuna cha kujenga, kila kitu ni kipya. Nikaisoma mstari kwa mstari, nikaifuta nusu, nikaiandika upya. Ikajibu vilevile. Mimi si mtu wa subira, na maneno niliyoiambia ile mashine hayafai kuandikwa na mtu anayeimba kwaya.

Siku ya mkurugenzi kuja ilipofika, tulitangulia asubuhi, sisi wawili na shemeji. Umeme wa bwawa la Nzilo, ambao kwa kawaida hupita juu ya vichwa vyetu ukielekea migodini, siku hiyo ulitukumbuka na sisi. Nilijenga programu na mabadiliko ya jana, ikakubali. Watoto wakiwa bado kwa mwalimu wa jirani, mke wangu akafanya mazoezi mbele ya madawati matupu: kaeni, simameni, fungueni daftari, someni, nyamazeni. Spika ya kwaya yetu, tuliyoazimwa kanisani, ilitetemesha madirisha. Nilijisikia fundi.

Yeye akachukua chaki akaandika ubaoni: Zote ni amri. Mtoto akijibu vizuri nitamwambia nini?

Hatukuwa tumefikiria. Sote watatu tulikuwa tumemkumbuka mwalimu anayefoka, tukamsahau anayesifu. Nikamwambia tutaongeza kesho. Akatikisa kichwa. Akaandika tena: Bila hiyo siingii. Na mimi namjua, hakuwa anatisha bure. Angemwachia mkurugenzi darasa kuliko kusimama mbele ya watoto kama polisi.

Shemeji akasema sentensi ile kwenye simu yangu, mara moja tu, vizuri kabisa: "Muzuri sana, mutoto wangu." Nikaiweka kwenye kompyuta yangu, nikaongeza kitufe chake, nikahamisha kwa flashi hadi kwenye mashine ya shule, nikaita skripti. Hakuna cha kujenga, kila kitu ni kipya. Nikarudia. Kila kitu ni kipya. Nje watoto walikuwa wanakaribia kumaliza mapumziko, na baada ya hapo mkurugenzi angeingia nao.

Mke wangu akagonga meza. Nikasema ngoja kidogo. Akagonga tena. Nikasema, "Ngoja, mama, mi niko natafuta!" Tangu apoteze sauti nilikuwa nimejizoesha vibaya, kumaliza sentensi zangu kwanza kwa vile zake hazisikiki. Safari hii hakungoja. Alinishika kidevu, akageuza uso wangu kwenye kona ya kioo cha kompyuta yangu, kisha kwenye kona ya kioo cha ile ya shule. Wanasema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi niliambiwa, tena kwa kushikwa kidevu.

Yangu ilisema saa tatu na robo. Ya shule ilisema saa nne na robo.

Nchi yetu ina majira mawili ya saa. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa nzima, na kompyuta yangu nimeiacha kwenye saa ya Kinshasa miaka yote ili nisichelewe mikutano ya ofisi. Sisi tunaofanya kazi na watu wa kule tumezoea: jicho linasoma saa tatu, kichwa kinaongeza moja chenyewe, wala hujui kwamba umeongeza. Kichwa changu kilikuwa kinaongeza. Skripti haikuwa na kichwa cha kuongezea. Flashi ilibeba saa ya Kinshasa kama ilivyoandikwa, na mashine ya shule ikaamini kwamba neno la sifa ni la zamani kuliko programu iliyojengwa dakika chache zilizopita. Ya nyumbani yalikubaliwa kwa sababu usiku mzima ulikuwa umepita katikati.

Nilisogeza saa ya kompyuta yangu, nikahifadhi faili upya, nikaihamisha tena, nikaita skripti. Ikajenga. Baadaye niliibadilisha isitazame saa tena, ilinganishe yaliyomo ndani. Siku ile nilimbusu mke wangu mbele ya mdogo wake, na mdogo wake akacheka hadi akakaa chini.

Watoto wakaingia, na mkurugenzi akakaa nyuma kwenye dawati dogo, magoti juu. Somo lilikuwa la kusoma silabi. Mke wangu alionyesha kwa fimbo, akabonyeza, watoto wakasoma. Msichana mmoja mwenye aibu aliposoma neno zima peke yake, spika ikasema: "Muzuri sana, mutoto wangu." Yule mtoto hakuitazama spika. Alimtazama mwalimu wake. Machozi yalinitoka, wala sikuyaficha.

Mwisho wa somo mkurugenzi akasimama. "Mama," akasema, "kalasi ni yako. Uendelee nayo."

Mke wangu akanyoosha mkono kwenye vitufe ili amjibu, na mkono ukabaki hewani. Akavitafuta vyote kwa macho, juu hadi chini. Shemeji akanitazama, nikamtazama. Siku zote zile, hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kurekodi neno la kushukuru.

Watoto waliuona ule mkono. Msichana mwenye aibu alisimama wa kwanza, halafu wengine, madawati yakapiga kelele, wakasema wote pamoja kwa niaba yake: "Aksanti, Tata Directeur!"