Makofi Kwenye Kilio

Karatasi ya ratiba ya ule ukumbi wa Buffalo, huku Marekani, bado ninayo, na kila nikiitazama hasira inanipanda upya. Ni ya msimu ule wa majani kupukutika. Septemba, simfoni. Oktoba, jazi. Novemba, ati "muziki wa dunia", na hapo ndipo walipotuweka sisi, pamoja na picha ya ngoma ambayo hatujawahi kuigusa. Kana kwamba wale wa violini walishuka kutoka mwezini, duniani tukabaki sisi peke yetu.

Sisi ni watu wa milima ya Kivu ya Kusini, watu wa ng'ombe na wa kanisa. Kwaya yetu ilifanya mazoezi kwenye chumba cha chini cha kanisa, karibu na Grant Street, tukitoka kazini, wengine bado na buti za kiwandani, mimi na sare ya nyumba ya wazee ninakohudumia. Tunaimba sauti nne, kwa gitaa na kinanda. Ngoma hatupigi. Nilimweleza hivyo yule bwana wa ukumbi aliyekuja kutualika, kwa Kiingereza changu cha kazini, ambacho hakuna mgonjwa aliyewahi kulalamika kwamba hakielewi. Akatabasamu, akauliza kama tunaweza kuvua viatu.

"Anasema nini?" akaniuliza mama mdogo, mdogo wake mama yangu, ambaye ndiye aliyeongoza kwaya.

"Anataka tuimbe miguu mitupu."

"Novemba? Bon, mwambie avue yeye kwanza."

Ingekuwa ni mimi, ningemwonyesha mlango siku ile ile. Lakini mama mdogo alikuwa na lake. Tuna wimbo wa kuwakumbuka watu wetu waliouawa kwenye kambi ya wakimbizi tulipovamiwa. Anayeongoza anaita jina, kwaya inaitika "Yupo." Jina jingine, "Yupo." Wimbo wenyewe unakwenda mbio, maana kwetu hata kilio kina gitaa, ila majina yakiitwa watu husimama wima na mikono hutulia. Jina la mwisho ni la mtoto wake mama mdogo, kitinda mimba wake.

"Kanisani ninamuita mbele ya watu wanaomjua," aliniambia. "Mimi nataka wasiomjua nao wamsikie. Mara moja tu. Donc, tuvumilie huyu bwana."

Basi nikavumilia. Nikamwambia yule bwana, tena nikarudia, kwamba huu ni wimbo wa msiba, awaombe watu wasipige makofi. Akaweka mkono kifuani, akasema ameelewa kabisa, tena ni jambo zuri sana.

Siku ilipofika, ndugu zetu wa miji mingine walikuja. Wa Whitehall, kule Columbus, walibanana kwenye gari moja. Wa Newburg, Louisville, waliondoka alfajiri, wengine wametoka zamu ya ghala bila kulala. Walikuja kwa sababu majina yale ni ya wake zao, ya baba zao, ya dada zao. Tulipanda jukwaani na viatu vyetu miguuni.

Yule bwana akashika kipaza sauti, akawaambia watu kwamba sasa inakuja furaha kutoka Afrika, na asiwepo wa kuona haya kucheza. Nilikuwa nimesimama katikati ya wanawake wenzangu, nimeshika kila neno, na gitaa lilikuwa limeshaanza. Ningefanya nini?

Jina la kwanza. Yupo. Makofi yakaanza, yakifuata gitaa. La pili, mama mmoja wa mstari wa mbele akainuka, akatikisa mabega. Wakainuka na wengine. Watu wetu nao walikuwa wamesimama, mikono chini, na majirani zao wakawa wanawasukuma kwa viwiko ili wachangamke. Baba mmoja wa Louisville, jina la mkewe lilipoitwa, jirani yake alimshika mkono akamwinulia juu kama bondia aliyeshinda. Hilo ndilo lililonimaliza. Nililia kwa hasira tupu, na wale watu walidhani nimefurahi.

Likabaki jina moja. Tukavuta pumzi tumwitikie. Mama mdogo akaitazama ile mikono yote inayopiga, akafunga mdomo. Gitaa lilizunguka likimsubiri, likazunguka tena, likanyamaza. Watu wakadhani tumemaliza, wakashangilia mpaka mbao za jukwaa zikatetemeka.

Tulitoka tukasimama kwenye korido ya nyuma tukivaa makoti, na ndugu zetu wa Columbus na Louisville wakatufuata huko. Yule bwana akaja amekumbatia shada kubwa la maua, anameremeta, akisema mwaka ujao lazima turudi. Nikafungua mdomo. Nilikuwa na Kiingereza ambacho nyumba ya wazee hawakufundishi. Mama mdogo akanishika mkono.

"Mwambie kuna mmoja amebaki. Asimame amsikilize."

Nikamwambia. Akanyoosha yale maua yapokelewe, na hakuna aliyeyapokea, akabaki nayo. Mama mdogo akaliita jina la mwanawe taratibu, bila gitaa, akimtazama yule bwana usoni. Sisi sote, pamoja na waliosafiri, tukaitika kwa sauti nne.

"Yupo."

Yule bwana aliiva masikio mpaka yakawa mekundu. Mikono yake yote miwili ilikuwa imejaa maua, hakuweza kupiga makofi.

Katika ukumbi mzima ule, mgeni aliyemsikia mtoto yule ni huyo mmoja tu. Mama mdogo anasema inatosha. Mimi nasema haitoshi.