Kipande cha Kwanza cha Mzee Marajani

Nichekeni mkitaka, mimi mwenyewe sicheki, maana aibu niliyoipata siku ile pale Arua nikiikumbuka mpaka leo masikio yananichoma.

Nilikuwa nataka kumuoa Hawa, binti wa Kinubi kutoka Koboko, naye alikuwa amemhakikishia baba yake kwamba nguruwe nimeacha kabisa (sikuwa nimeacha, kila Jumamosi nilikuwa kwenye mkahawa wa Wakorea karibu na Awindiri, tambi za supu kali na nguruwe wa kukaangwa). Siku baba yake huyo, Mzee Marajani, alipokuja mjini kunitazama, badala ya kumpeleka kwenye hoteli ya Waislamu kama mtu mwenye akili, nikampeleka kulekule anione mtu wa mjini, nikijisemea tukiagiza supu ya samaki tu, nani atajua?

Supu ikaja nyekundu. Mzee akaonja kijiko kimoja, machozi yakamtoka, akacheka, "Hii pilipili iko na hasira!" Nikafurahi. Ndipo dada anayehudumu, ambaye ananijua vizuri mno, akatua mezani sahani ya nyama iliyokaangwa na unga.

"Kaka, ile yako ya siku zote. Leo nimekuongezea."

"Iko nyama gani?" Mzee akauliza.

"Iko kuku, Mzee."

Neno moja tu, lilitoka lenyewe. Nilidhani ataniachia, kwa kuwa imeitwa yangu. Lakini Wanubi hawali hivyo. Kwao chakula ni sinia moja na mkubwa ndiye anayegawa. Akaivuta sahani katikati, akachagua kipande kinono, akakiweka kwenye bakuli langu.

"Kula, mtoto wangu."

Mtoto wangu! Miezi yote ile nilikuwa "yule kijana wa Ajia", kwa jina la kijiji chetu tu. Kisha akachukua chake, akatafuna, nami namtazama, nangoja sijui nani aje aseme badala yangu.

Aliponyoosha mkono kuchukua cha pili, nikapiga kelele, "Mzee, acha! Iko nguruwe!"

Mzee akaenda kwenye maji ya kunawa, akasukutua mdomo mara tatu, mtu mzima na kanzu yake, watu wote wakimtazama, nami nikatamani ardhi inimeze. Akarudi, hakuketi.

"Ile ya kwanza, uliona naweka kwa mdomo?"

"Niliona, Mzee."

"Na ukanyamaza."

Akapanda gari la mchana kurudi Koboko. Hawa hakunitukana. Alisema kwenye simu kwamba nyama ile si dhambi ya baba yake, kwa sababu hakujua, ila ule ukimya wangu yeye hana mahali pa kuuweka, na habari ya ndoa ikaishia hapo.

Tangu siku ile nguruwe nimeacha kweli, na sahani yoyote ikija mezani nasema ni nyama gani kabla sijaulizwa. Hakuna tena anayeuliza.