Nilivyowapeleka Mafundi Kung'oa Visiki

Wivu wangu ulianzia kwenye cherehani. Kila saa nne, mimi nikihangaika na baiskeli za watu juani pale kijijini Mkiwa, namwona Yona mshonaji amekaa kivulini, na mchumba wangu Salome yuko pembeni yake, eti anasubiri kifungo. Kifungo kimoja, siku nne!

Katika kijiji chetu cha ujamaa, aliyeandikishwa fundi alisamehewa jembe. Mimi ndiye niliyekuwa katibu. Basi siku hiyo, kazi zikiwa zimepamba moto, nikamwendea mwenyekiti.

"Ndugu Mwenyekiti, visiki vya shamba la kijiji vimetushinda. Tubadilishe kanuni. Kuanzia sasa hivi, fundi ndiye mtu wa kung'oa visiki."

"Mafundi wote?"

"Wote, bila kubagua!" Moyoni nilishaona malengelenge ya Yona.

Mwenyekiti akapiga kengele. Fundi wa paa akashuka, akaiacha zahanati wazi na mawingu ya mvua yametanda. Fundi wa pampu akaondoka pampu ikiwa imefunguliwa, kina mama wakabaki na ndoo tupu. Nikapewa daftari la mafundi niite majina. La tatu lilikuwa langu, kwa mwandiko wangu mwenyewe: fundi baiskeli.

Nikasoma mpaka mwisho. Yona hayumo. Wivu ulikuwa umenisahaulisha daftari langu.

"Mimi uliniandika mkulima, kaka," akasema kwa upole. "Zamu yangu nalima tangu alfajiri. Kushona nashona nikipumzika."

Salome akaniletea shoka. Akanikabidhi mbele ya kijiji kizima, kisha akarudi kivulini kungoja kifungo chake.