Nyambizi Isiyoleta Maji

Mimi sijui kuogelea. Nashona kola katika kiwanda cha nguo Athi River, na maji mengi zaidi niliyowahi kuingia ni ya beseni. Lakini ukiniuliza habari za kasi ya nyambizi, utajuta. Mchumba wangu alijuta mapema, maana kila saa ya chakula cha mchana nilimwonyesha video kwenye simu hadi sukuma wiki ikapoa.

Sasa, nyambizi kwetu tunaiita sabumarini. Na ile pampu inayotumbukizwa ndani ya kisima kirefu inaitwa sabumasibo. Mchumba alipompigia baba yake simu kumweleza kijana anayeleta mbuzi wa ntheo ni mtu wa namna gani, alimwambia, "Baba, hakuna kitu anapenda kama sabumarini." Mzee, ambaye kisima chake huko Yatta kilikuwa kimeanza kukohoa, alisikia alichotaka kusikia.

Ntheo, desturi yetu Wakamba ya kupeleka mbuzi wa ndoa, si mchezo. Mbuzi wakikataliwa hujaoa, hata upige picha za harusi mpaka simu ijae. Nilifika na wajomba zangu, nimevaa koti la kuazima, roho mkononi. Kabla mbuzi hawajashushwa kwenye pikapu, mzee alinishika mkono akanipeleka moja kwa moja kisimani, alikokuwa amesimama fundi wake wa pampu.

"Kijana, nimeambiwa uko na akili ya hii mashini. Maji inatoka kama machozi, na wageni ndio hawa, sufuria ni kavu. Niambie, shida ni spidi?"

Aliposema spidi, nilisahau nilikokuwa.

"Spidi ndiyo kila kitu, Mzee! Kuna moja ya Wasovieti, ya zamani, ilipita kilomita themanini kwa saa. Mpaka leo hakuna iliyoifikia. Kelele yake tu, walioendesha walikuwa hawasikilizani."

"Themanini!" Mzee alimgeukia fundi. "Unasikia? Na yako inatambaa!"

"Mzee, ikienda hivyo si itatoboa mabati ya jikoni?" fundi akajitetea.

"Nyamaza. Kijana, hiyo ya themanini inajaza mitungi ngapi kwa saa?"

Hapo ndipo nilipoelewa, na jasho likanitoka hadi kwenye koti la watu.

"Haitoi maji, Mzee. Inabeba wanajeshi, chini ya bahari."

"Haitoi hata mtungi moja?"

"Hata kikombe."

"Na iko ndani ya bahari yote hiyo?"

Wazee walinong'onezana kwa Kikamba kwamba nimekuja kuwachezea. Wajomba zangu waligeuka ghafla wakaanza kuwakagua mbuzi. Mzee akasema mbuzi wabaki kwanza kwenye gari. Niliogopa, sitaficha. Mchumba wangu alikuwa amesimama mlangoni ameziba mdomo, nami nikaona naweza kumpoteza kwa ajili ya chuma kilichotengenezwa kabla sijazaliwa.

Kwa desturi yetu mama mkwe na mkwe hawatazamani ana kwa ana; ndiyo nthoni, heshima yenye aibu ndani yake. Kwa hiyo sauti ya mama yake ilitoka dirishani mwa jikoni, uso wake sikuuona.

"Muulizeni amependa hiyo kitu tangu lini."

"Tangu darasa la nne, Mama," nikaujibu ukuta.

"Na haijawahi kukuletea hata tone?"

"Hata tone, Mama."

Kisu kilikata vitunguu kwa muda.

"Basi shusheni mbuzi," akasema. "Kama mtu anaweza kupenda kitu miaka hiyo yote na haimpatii hata maji ya kunywa, msichana wangu atakaa kwake vizuri. Sasa mwambieni achukue punda aende mtoni, hii nyama haitajipika. Na asiende na hiyo themanini yake, atamwaga maji."