Gomesi Iliyopimwa kwa Magoti

Maman Pélagie haamini futi ya kupimia. Atakutazama mara moja kuanzia mabegani hadi visiginoni, atafumba jicho moja, kisha atatangaza ukubwa wa kiuno chako mbele ya darasa zima. Kiuno changu kilitangazwa hivyo siku ya kwanza, na mpaka leo sijamsamehe. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba hakukosea hata nusu inchi.

Alitoka Bukavu miaka kumi na miwili iliyopita, mkasi wake wa chuma ukiwa umefungwa ndani ya kitenge. Sasa anafundisha ushonaji bure katika chumba kimoja nyuma ya soko la Kalerwe, wanawake na vijana wa makabila mbalimbali, na cherehani hununuliwa kwa michango ya wamama wa kanisa lake. Kwake hakuna mtihani. Unamaliza mafunzo siku ile mtu wa nje, asiye ndugu wala rafiki yako, atakapotoka mlangoni amevaa nguo uliyoishona wewe. Siku hiyo hiyo unapewa cheti na cherehani, uende ukajitegemee.

Mimi, Annick, nilimaliza kwa sketi ya msichana mmoja anayesomea uuguzi kule Mulago. Nikabaki kusaidia darasani na, niseme ukweli, kusikiliza umbea. Wenzangu nao wakamaliza mmoja mmoja, mpaka katika kundi letu akabaki Amony peke yake.

Amony ni Mwacholi, mke wa askari polisi aitwaye Okwir, na wanakaa Naguru. Alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kufagia. Mikono yake ilikuwa mizuri kuliko yangu, nakiri kwa shingo upande, ila bahati ilimkwepa. Mteja wa nguo yake ya kwanza, blauzi, alihama asirudi kuichukua. Ya pili, suruali, ilirudishwa kwa sababu mteja alinenepa. Tukacheka mpaka machozi, naye akacheka nasi. Kisha Okwir akapata uhamisho wa kwenda Moroto, mbali sana. Familia ilikuwa inaondoka Jumapili, na Amony asingepata nafasi nyingine. Asiposhona nguo ikatoka mlangoni wiki ile, angeenda Moroto mikono mitupu baada ya mwaka mzima wa kutembea kwa miguu toka Naguru.

Ndipo akaja Nakimera, mama wa Kiganda anayeuza matoke pale sokoni. Jumamosi ilikuwa siku ya kwanjula ya binti wa kaka yake, wageni wa mchumba wanapokuja kujitambulisha nyumbani kwa wazazi. Yeye ndiye senga, shangazi mwenye shughuli, na alitaka gomesi mpya ya kijani, lile vazi refu la heshima la wanawake wa Kiganda.

Sasa, katika chumba kile hapakuwa na Mganda hata mmoja. Gomesi tuliziona kila siku barabarani, mabega yamechongoka, mkanda mpana umefungwa nyongani, lakini hakuna aliyewahi kuivaa. Amony alitandaza kitambaa, akaanza kukata kwa upana. Maman Pélagie akamzuia.

“Kitambaa yote hii ya nini? Toa pembeni! Mwanamuke ana mwili, acha watu waone.”

Amony alisita. “Mimi naona zao ni pana, Maman.”

“Ni pana juu ya uvivu ya mafundi yao. Kata!”

Akakata. Vipande viwili virefu vikaangukia kwenye gunia la mabaki.

Alhamisi mchana Nakimera akaja kujaribu. Alipotoka nyuma ya pazia tulipiga vigelegele. Gomesi ilimkaa vizuri ajabu, na Maman Pélagie akazunguka chumba akijisifu kana kwamba Nakimera mwenyewe ni kazi ya mikono yake. Nakimera alijitazama kwenye kioo, akatabasamu, akasema, “Sasa ngoja nisalimie wageni.”

Akaanza kupiga magoti, jinsi mwanamke wa Kiganda anavyosalimia kwa heshima. Alifika nusu, akakwama. Akajaribu tena. Mshono wa ubavuni ukaachia kwa sauti iliyosikika mpaka kwa wauza nyanya.

“Bambi!” alilalama Nakimera kwa Kiganda, ameshika ukuta. “Senga ambaye hapigi magoti ni senga gani? Nyinyi mlinipima nimesimama tu?”

Amony alitazama sakafu. Nilimngoja aseme nani aliyemwambia akate, nami ningemuunga mkono kwa furaha, lakini alisema tu, “Nisamehe, mama. Nguo ni yangu.” Nilitaka kumfinya.

Maman Pélagie alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

“Mkono ni ya Amony,” akasema. “Kosa ni yangu. Yeye alijua, mimi nikamukataza.” Kisha yule mwanamke anayejua kila kiuno cha Kalerwe akaenda kukaa kwenye benchi la wanafunzi. “Mama Nakimera, tufundishe.”

Nakimera alicheka, akaomba mkeka. Akatupigisha magoti sote, Maman Pélagie akiwemo, magoti yake yakilalamika na mdomo wake ukilalamika zaidi. Akatuonyesha jinsi nguo inavyozunguka mwili mara mbili, na kwamba upana ule tuliouona wa bure ndio unaomfunika mwanamke anapoinama na kuinuka. Amony akampima tena kwa futi, safari hii Nakimera akiwa amepiga magoti. Maman Pélagie ndiye aliyemshikia ncha ya futi.

Vile vipande tukavitoa guniani. Amony alivirudisha mahali pake, mishono ikajificha ndani ya mkunjo. Alishona Ijumaa nzima bila kuinuka, nami nikamlisha chapati huku anakanyaga cherehani.

Jumamosi asubuhi Nakimera akavaa. Akapiga magoti, akainuka, akapiga tena. Hakuna kilicholia. Akachukua mkoba wake, akaelekea mlangoni, nasi tukasimama tukihesabu hatua zake kimoyomoyo.

Kizingitini akasimama. Akageuka, akarudi mpaka mbele ya Amony, akashuka taratibu, gomesi ya kijani ikimwagika kumzunguka. Mama wa miaka hamsini na kitu, senga mzima, akampigia magoti mwanamke kijana wa Kiacholi.

“Webale nnyo, fundi wangu,” akasema. “Asante sana.”

Amony aliziba mdomo kwa mikono miwili, akalia kwa furaha, na mimi nisiyelia ovyo nikalia kumshinda. Nakimera akainuka, akatoka mlangoni, akashika njia ya sherehe bila kutazama nyuma.

Maman Pélagie alikuwa ameshaanza kufunga cherehani kwa kamba. Juu yake aliweka cheti, na juu ya cheti akaweka ule mkasi wa Bukavu.