Sifuri ya Shangazi

"Kwani shangazi, wewe mwenyewe hukujipigia kura?" binti aliuliza alipokuwa na miaka tisa. Shangazi yake, fundi wa kushona nguo, alizidi kukanyaga cherehani kana kwamba hakusikia.

Alikuwa amegombea ubunge kwa chama kidogo, dhidi ya viwili vikubwa vilivyozoea kupokezana kiti. Matokeo yalipobandikwa kwenye kituo alichopigia kura, mbele ya jina lake palikuwa na sifuri. Wateja walicheka mpaka machozi: "Mama Sifuri, hata kivuli chako kimekukimbia!"

Mwenyekiti wa chama alikuja mbio. "Dada, wezi wa kura wamejikaanga kwa mafuta yao wenyewe! Apa tu kwamba ulijipigia, twende mahakamani."

Shangazi alikataa kuapa, na chama kikamfukuza. Tangu siku hiyo kioo cha wateja alikigeuza, kikatazama ukuta.

Miaka sita baadaye, akimpima binti sare ya sekondari, alijibu.

"Kwenye picha niliyowapelekea tume ya uchaguzi nilikuwa natabasamu, mwanangu. Mle kibandani, kwenye karatasi ya kura, nikaikuta imefumba mdomo. Nilipoinua kalamu, ikafumba na macho. Nikaitumbukiza karatasi tupu. Sasa ningeapa nini?"