Sauti ya Dude la Ami Seif

Siku hizi nikipita mbele ya sabla ya mtaa wetu hapa Ibra (ule ukumbi wetu wa arusi na matanga) hujifanya natafuta funguo mfukoni, maana wenzangu wakiniona tu hunguruma, tena watu wazima wenye kazi zao na wajukuu wao. Nitakuelezeni kwa nini, polepole, maana mimi ni mwalimu na sipendi mtu abaki nyuma, ila mkicheka, mcheke kwa huruma.

Mnaikumbuka ile michezo ya Kijapani tuliyokuwa tukiiangalia kwenye televisheni utotoni, shujaa ni mtu wa kawaida kama mimi na wewe mpaka linapotokea dude la kubomoa mji, basi hapo naye anarefuka kushinda majumba na wanapigana mpaka mmoja aanguke? Wa kwetu tulimwita Bwana Shaba kwa ajili ya vazi lake, na alikuwa akizungumza Kiarabu fasaha, kwa sababu kulikuwa na watu waliofuta zile sauti za Kijapani wakatia zao. Na hapo ndipo anapoingia Ami Seif, ndugu yake baba.

Ami Seif alitoka Unguja kijana, akaishi Kuwait miaka mitatu kabla ya kuja huku, na kazi yake kule ilikuwa kubeba mitambo katika studio iliyotia sauti hizo. Miaka yote amekuwa akituambia kwamba siku moja mngurumaji wao aliumwa na koo, wakamsukuma yeye mbele ya kipaza sauti. "Mimi ndiye niliyekuwa dude," anasema, kwa upole kabisa, kama mtu anayesema aliwahi kuwa karani.

Hakuna aliyemwamini. Mbaya wao alikuwa Badar, binamu yangu, kila Ijumaa yeye na neno lile lile: "Ami, nguruma basi tukusikie!"

"Dude langu halikuwa linanguruma tu," Ami anamjibu. "Lilikuwa linasema."

"Linasema nini?"

"Lugha ya nyota, mwanangu," na hapo hapo anaomba kahawa.

Basi mwaka jana nikasikia mchezo mzima umetolewa upya kwenye diski, vipindi vyote, picha imesafishwa na sauti pia, si ile mikwaruzo ya utotoni tusiyosikia neno, na (hili ndilo lililonitoa usingizini) unaweza kuchagua sauti, ukitaka Kijapani, ukitaka Kiarabu kile kile cha zamani. Nikaagiza. Jamaa yangu wa Maskati alikuwa anakwenda Nizwa, tukakutana Bidbid pale njia ya Ibra inapochepuka, akanipa sanduku dirishani mwa gari, zuri, zito, limefungwa nailoni.

Nikampelekea Ami Seif nikidhani atafurahi. Aliligeuza mara mbili, akavaa miwani, akaivua.

"Sauti za zamani zimo?"

"Zimo, Ami."

"Litie kabatini, mwanangu. Usilifungue."

Sasa, mwanafunzi wangu yeyote angeuliza kwa nini. Mimi sikuuliza. Nilidhani najua: mzee anaogopa kwamba sauti haitakuwa yake, na Badar atamcheka mpaka kaburini. Na udadisi, jamani, ukishaniingia mimi hautoki. Nikajiambia nitalifungua, lakini si peke yangu chumbani, maana Badar atasema nimechezea diski kwa kompyuta. Nitalichana nailoni mbele ya kadamnasi. Uamuzi mdogo tu huo, nao ndio ulionimaliza.

Kadamnasi niliyoichagua (niacheni, najua) ni ile ya Ijumaa waliyokuja sablani watu wa mji wa Sur kuweka siku ya arusi ya Raya, binti yake Ami Seif. Bwana arusi ni mjukuu wa Bi Zuwena. Na Bi Zuwena ndiye yule mama aliyekuwa akimlisha Ami Seif kila Ijumaa kule Kuwait, yeye kijana hana mke wala jiko, na Ami hajapata kumtaja bila ya kusema, "Yule alinilea." Katika ukoo wao neno la Bi Zuwena ndilo la mwisho: akisema mwezi huu, ni mwezi huu, na akisema hapana, mnarudi kwenu na sahani zenu.

Tumekula, kahawa imepita, siku bado haijatajwa. Ami katoka kunawa. Nikasimama. Nilikuwa nimeshaweka kioo kikubwa cha televisheni upande wetu wa wanaume na kingine ng'ambo ya ukuta upande wa wanawake, na spika pande zote mbili, nataka kila mtu asikie. Nikatoa maelezo marefu, nikawaonesha nailoni haijaguswa, Badar akaipapasa, nikaichana, nikatia diski, nikachagua Kiarabu, nikenda moja kwa moja kwenye kipindi anachokisemea Ami, cha dude linalotoka kwenye ziwa la chumvi.

Ami akarudi mikono inamtiririka maji. Akaona kioo. "Khalfan, zima."

"Usiogope, Ami."

"Siogopi kwa ajili yangu. Zima!"

Nami nikatabasamu! Nikamwashiria akae!

Ziwa likachemka, dude likatoka, magamba yamelisimama kama nanasi, zipu inaonekana mgongoni, likakanyaga nyumba ya karatasi, likafungua mdomo. Sauti nzito, ya polepole, lakini ya nani kama si yake? Watu wakapiga makofi. Badar kashika kichwa. Mimi machozi yananilenga.

"Kuna makelele, sisikii linachosema," akasema Badar. "Rudisha, ongeza sauti."

Nikarudisha, nikaongeza.

"LEO IJUMAA TEENA!" likanguruma dude, kwa Kiswahili safi cha Unguja mjini. "NAKWENDA KULA KWA BI ZUWENAAA!"

Jirani yetu Sheikh Hamad, ambaye hajui Kiswahili, akaniuliza kwa Kiarabu dude linasema nini, na mimi kwa mazoea ya ualimu nikamfasiria, tena kwa sauti ya darasani, ukumbi mzima ukasikia mara ya pili. Hapo ndipo nilipoelewa. Ami aliambiwa atoe lugha ya nyota, hana, akatoa lugha ambayo aliamini hakuna mtazamaji Mwarabu atakayeijua. Aliwasahau Waarabu kama sisi, tuliotoka Unguja na Kiswahili chetu.

Nikatafuta rimoti. Nilikuwa nimeitupa kando nilipoongeza sauti, sasa iko chini ya mto gani sijui.

"BIRIANI INA MAWEEE! MENO YANGU! MCHUZI MAJI MATUPU!" Bwana Shaba akalipiga teke. "NA KUSEMA SIWEZIII!" Bwana Shaba akarusha moto. Dude likapepesuka, likaanguka juu ya daraja, na kwa pumzi ya mwisho likasema, "Bora nife... kuliko ile mikate ya kumimina..."

Nikachomoa waya ukutani.

Ami Seif kakaa chini, kajifunika uso kwa kilemba. Baba yake bwana arusi anaangalia zulia. Ng'ambo ya ukuta hata kikombe hakigongi. Nikamfikiria Raya, yuko huko ndani na vazi lake jipya, na arusi yake nimeivunja mimi kwa diski.

Halafu tukasikia tk, tk, mtu anagonga kipaza sauti cha upande wa wanawake.

"Seif."

"Labeka, Bi Zuwena," akaitika Ami, na ile sauti ya dude yote imekwisha.

"Ule mchele wa gunia la mwisho, wa bei ya chini, ndio tuliokuwa tukiuweza. Nilikuwa nauchagua, lakini macho yangu hata ujanani hayakuwa mazuri. Nilikuona unatema mawe kwenye kiganja, unayaficha mfukoni. Nikasema, Ijumaa ijayo huyu haji. Ukaja. Ukaja miaka mitatu, hukuniambia neno, na kila ukiondoka unasema umeshiba, ahsante." Akapumua, tukaisikia pumzi kwenye spika. "Walipokuja kuniuliza wapi tumtafutie mke mjukuu wetu, unadhani kwa nini nilitaja nyumba yako?"

Ami akazidi kujifunika kilemba. Mabega yalikuwa yanamtikisika tu.

"Arusi ni mwezi ujao, mwandamo wa mwezi ukionekana," akasema Bi Zuwena. "Na wewe mwalimu."

"Naam, bibi."

"Kwanza, rudisha pale pa mikate ya kumimina, sikusikia vizuri. Pili, mchele wa arusi utauchagua wewe."

Basi nimeuchagua. Magunia manne, siku tatu, nimekaa ungo mapajani baina ya shangazi zangu, na kila anayeingia ananguruma kwanza ndipo anatoa salamu. Mchele wa siku hizi hauna mawe, nakuhakikishieni, nimeupitia punje kwa punje na sikuona hata moja.

Siku ya arusi, kabla ya wageni, Bi Zuwena akamwita Ami Seif mlangoni mwa jiko, akampakulia sahani kwa mkono wake mwenyewe. Nilikuwa nimesimama karibu. Ami akatia tonge la kwanza, akatafuna, na sote watatu tukasikia: krrt.

Akaleta kiganja mdomoni, taratibu, kikaenda mfukoni.

"Tamu?" akauliza Bi Zuwena.

"Tamu, Bi Zuwena. Nimeshiba, ahsante."

Ami akanitazama mimi, mchaguaji mchele. Nami, ambaye maisha yangu yote sijapata kuacha kitu bila ya kukieleza, nikaangalia dari. Na tangu hapo kitu chochote kilichofungwa nailoni nakifungua peke yangu, mlango nimeutia kufuli, spika za masikioni ziko ndani ya masikio.